Treni Niliyoisubiri Duisburg

Mtu wa Tanga ukimwambia kuna bandari isiyo na bahari, atakucheka. Nilimcheka mdogo wangu anayeishi Duisburg, Ujerumani, mpaka aliponipeleka Ruhrort, pale mto Ruhr unapoingia mto Rhine. Meli bapa, ndefu kama mtaa, zimesheheni makaa na vyuma chakavu. Bandari ya mtoni kubwa kuliko zote Ulaya. Nikanyamaza.

Jioni tukaenda kusini mwa mji. Kwa mbali, juu ya kilima, nikaona reli zinapanda, zinashuka, na mahali zimejikunja duara zima. Tumbo likanikata. Si ile treni ya viwanja vya starehe, inayowageuza watu kichwa chini miguu juu? Mie hata kwenye lifti hushika ukuta.

"Kaka, hii lazima uipande," akasema mdogo wangu. Mbele ya shemeji na mtoto wao wa miaka saba, ningejibu nini?

Nikajiandaa kiume. Miwani nikaivua. Meno yangu ya bandia nikayafunga kwenye leso, nikamkabidhi shemeji, maana upepo wa huko juu haumjui mtu. Wao wakarudi garini kuchukua koti la mtoto. Nikatangulia kuwahi kiti.

Nikakipapasa, nikakaa, nikashika vyuma huku na huku. Mkanda nikautafuta, hakuna. Wajerumani hawa wanaamini mno vyuma vyao! Nikafumba macho. Mara chuma kikaanza kutetemeka chini yangu. Nikapiga shahada kwa sauti.

Aliyejibu ni bibi mmoja wa Kijerumani, na fimbo yake, anashuka taratibu anaomba njia.

"Baba mkubwa," mtoto akauliza nyuma yangu, "mbona umekaa kwenye ngazi?"

Kumbe ni sanamu. Inaitwa Tiger & Turtle, imefunguliwa mwaka 2011 juu ya kilima cha mabaki ya kiwanda cha zinki. Unaipanda kwa miguu yako mwenyewe; ile duara peke yake ndiyo haipitiki.

Nikapanda, mtoto kanishika mkono. Vidato vyenyewe ni wavu wa chuma, ardhi unaiona chini ya soli. Wenzangu walisifu Rhine na mabomba ya viwanda vya chuma. Mie nilisifu mkono wa mtoto.

Picha tuliyopiga kule juu mdogo wangu ameitundika sebuleni. Wote tumecheka sana. Leso bado iko kwa shemeji.