Niachieni piramidi, nipeni Deir el-Medina

Misri ya kale ikitajwa mahali, subiri dakika tano tu: mmoja atasema piramidi zilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine, wa pili atashikilia kwamba ni kazi ya watumwa, wa tatu ataanzisha ugomvi wa rangi ya ngozi ya Farao. Nami nimeushiriki sana ubishi huo. Siku hizi umenichosha, kwa kuwa Wamisri wenyewe walituachia maneno matamu zaidi.

Ng'ambo ya magharibi ya Nile, mkabala na Luxor, kuna magofu ya kijiji kiitwacho Deir el-Medina. Ndani ya ukuta wake zilikuwamo nyumba 68 hivi. Humo waliishi, na wake na watoto, mafundi waliochonga na kupamba makaburi katika Bonde la Wafalme, walikozikwa Mafarao. Maji hayakuwapo, yaliletwa kwa punda. Lakini kusoma na kuandika kulikuwapo, na watu wale waliandika kila kitu: madeni, kesi, hata nguo za kufuliwa. Waliokota vipande vya mawe ya chokaa na vigae vya vyungu, wakavigeuza karatasi.

Kipande kimoja kiko British Museum, London. Ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses II: majina ya mafundi 40, siku ambazo kila mmoja hakufika kazini, na sababu zake kwa wino mwekundu. Seba aliumwa na nge. Mwingine macho yanamsumbua. Mwingine anamfunga sanda mama yake. Wengine wanapika pombe, na karani kaliandika hilo bila kushtuka. Hebu mpelekee bosi wako udhuru huo Jumatatu asubuhi.

Mshahara wao ulikuwa nafaka. Fundi wa kawaida alistahili magunia manne ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri kwa mwezi, nyapara akipata zaidi. Sasa fika mwaka wa 29 wa utawala wa Farao Ramesses III, takriban 1157 KK. Posho haiji. Siku 18 za mwezi zimepita, watu wana njaa. Wakaweka zana chini, wakatoka kijijini, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu la Thutmose III. Kesho yake wakasogea kwenye Ramesseum, hekalu la Ramesses II. Karani Amennakht aliyaandika haya kwenye mafunjo ambayo leo yapo Turin, Italia, na ndiyo habari ya kwanza ya mgomo wa wafanyakazi tunayoijua duniani. Wakasema wameletwa pale na njaa na kiu: hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki, hawana mboga. Mpelekeeni Farao habari, wakasema. Kinachonifurahisha zaidi ni mkuu wa polisi, Mentmose. Badala ya virungu, aliwashauri wafunge milango, wachukue wake na watoto, naye atawatangulia hadi hekalu la Seti I. Posho ya mwezi uliopita ikatolewa. Haikupita muda ikachelewa tena, wakatoka tena. Na huku mjini watu wa mfalme walikuwa mbioni kuandaa sherehe ya miaka 30 ya kukaa kwake kwenye kiti! Dhahabu ya kaburi la Farao Tutankhamun haijawahi kunisimulia kisa kama hiki.

Halafu kuna Bibi Naunakhte. Karibu mwaka 1145 KK alisimama mbele ya baraza la kijiji, mzee, mama wa watoto wanane. Akaanza kwa kusema yeye ni mwanamke huru wa nchi ya Farao. Amewalea wote wanane, amewapa vyombo vya kuanzia maisha, sasa amezeeka na baadhi yao hawamtunzi. Aliyeuweka mkono wake juu ya mkono wangu, akasema, nitampa mali yangu. Asiyenipa kitu, simpi. Akawataja kwa majina, hadharani. Mwana mmoja, Kenhirkhopshef, akaongezewa bakuli la shaba la kunawia juu ya fungu lake.

Mwaka uliofuata mumewe na watoto walirudi barazani kutamka kwamba wosia wa mama utafuatwa kama ulivyoandikwa. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi hahitaji kuelezwa kwa nini ilibidi watamke tena.