Bendi Ikivunjika Mapema, Hasara ni ya Nani?

Mombasa imezoea kuipima bendi kwa umri wake. Them Mushrooms, iliyoanzishwa mwaka 1972 na kujijengea jina kwa kutumbuiza katika hoteli za pwani, imedumu kwa miongo, na mwaka 1983 wimbo wake ukaimbwa upya na Boney M, kundi la disko la Ulaya. Kwa kipimo hicho, vijana wa mitaa ya Mombasa kama Tudor au Kisauni wanaotunga pop yao wenyewe bila kampuni wala mfadhili, kisha wakatawanyika baada ya miaka miwili, huhesabiwa kuwa wameshindwa. Sikubaliani na hukumu hiyo, ingawa si ya kupuuzwa.

Wanaowalaumu vijana hao wana hoja nzito, kwa sababu sauti ya pamoja hukomaa polepole, na mpiga besi na mpiga ngoma huhitaji muda wa kuzoeana hadi mmoja ajue mwenzake anakoelekea kabla hajafika. Wasichokitaja ni gharama ya kudumu huko. Kwa miaka mingi mwajiri mkuu wa mwanamuziki wa pwani amekuwa hoteli, na hoteli hutaka nyimbo ambazo mgeni tayari anazijua. Masika yanapoingia na watalii wakapungua, kazi nayo hupungua. Kijana anayekataa kupiga nyimbo za wengine kila usiku huwa ameikataa pia riziki ambayo ingeiweka bendi yake hai, na si haki kumlaumu kwa kutodumu bila kulisema hilo.

Upo mfano mzuri kutoka Cardiff, mji mwingine wa bandari, huko Wales. Young Marble Giants walianza mwaka 1978 wakiwa na gitaa, besi, kinanda, mashine ya mdundo badala ya mpiga ngoma, na sauti tulivu ya Alison Statton isiyojaribu kumshangaza mtu. Walitoa albamu moja tu, mwaka 1980, na muda mfupi baadaye wakaachana. Hata hivyo Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, aliitaja albamu hiyo miongoni mwa alizozipenda zaidi, na bendi ya Hole ikarekodi upya mojawapo ya nyimbo zake mwaka 1994. Muziki wao ulijengwa kwa vitu vichache mno, na siamini kwamba albamu nyingine kumi zingeuongezea uzuri.

Lakini mfano huohuo unawapa nguvu wanaonipinga. Albamu ile iliendelea kusikika kwa sababu ilitolewa na lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, iitwayo Rough Trade, na baadaye ikachapishwa tena. Kuvunjika kwa bendi hakukuifuta kazi yake. Hapa kwetu bendi inaweza kuvunjika huku rekodi zikiwa zimebaki kwenye kompyuta ya prodyuza, na kompyuta hiyo ikiharibika au deni la studio lisipolipwa, hakuna kinachobaki isipokuwa video za simu zenye kelele za ukumbini. Hasara hiyo inaniuma kuliko mfarakano wenyewe, maana msikilizaji hakugombana na mtu yeyote.

Hata rekodi zikinusurika, bado kuna swali la nani anazimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inautenganisha wimbo na rekodi yake. Haki ya wimbo huanzia kwa waliotunga na hudumu kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Haki ya rekodi hudumu kwa miaka 50 tangu ilipofanywa, nayo huanzia kwa aliyefanya mipango ya kurekodi, ambaye kwa bendi changa anaweza kuwa rafiki au ndugu asiyepiga ala yoyote. Wanabendi wanne wakiachana bila kuandikiana chochote, mpiga kibodi aliyebuni kiitikio anaweza kujikuta hana cha kuonyesha, na mwenye rekodi akashindwa kuitoa kwa kuwa watunzi hawasemezani. Makubaliano ya ukurasa mmoja, yanayowataja watunzi, mwenye rekodi na mgawanyo wa mapato, hutiwa saini kwa urahisi zaidi kabla ya kuingia studio, wakati wote wanne bado wanapendana.