Kamera haizuii sindano kumchoma mtu

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema usalama wa hospitali utaimarika kwa kuongeza walinzi na kamera. Kwa wizi, sawa. Lakini ajali nyingi za wahudumu zipo kwenye troli ya sindano. Boksi la usalama, yaani la kutupia sindano zilizotumika, likijaa robo tatu lifungwe na kubadilishwa. Likiachwa lijae hadi mdomoni, mtu hulisukuma kwa kiganja ili iingie sindano moja zaidi, na hapo ndipo anapochomwa. Kurudishia kifuniko sindano iliyotumika ni kosa lile lile: itupwe papo hapo pamoja na bomba lake. Na boksi likae karibu na kitanda cha mgonjwa, si mwisho wa korido.

Aliyechomwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue wala kulimwagia klorini. Aripoti saa ile ile, maana dawa za kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Wengi huficha wakiogopa kukaripiwa. Ndiyo maana daftari la ajali lisilo na hata mstari mmoja linanitia shaka kuliko lililojaa.