Tunacheka taji la Bokassa, tunawasahau watoto wa Bangui

Jina la Jean-Bédel Bokassa, mtawala wa zamani wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, likitajwa tu, watu hukimbilia picha za Desemba 4, 1977: kiti cha enzi chenye umbo la tai aliyetandaza mabawa, joho la mkia mrefu, taji la almasi, farasi wa Kifaransa wakivuta gari la kifalme katika joto la Bangui, mji mkuu. Tunacheka, mjadala unaishia hapo. Mimi naona kicheko hicho kimewafaa wengi wasiostahili, Paris ikiwa ya kwanza.

Sherehe ile iligharimu takriban dola milioni 20 katika nchi fukara kabisa, na Ufaransa ilisaidia sana kuifanikisha. Rais Valéry Giscard d'Estaing alikuwa akienda kuwinda huko na kumwita Bokassa ndugu na rafiki. Chini ya ardhi kulikuwa na urani na almasi. Marais na wafalme waliokaribishwa hawakwenda. Paris ilimtuma waziri.

Kinachoniuma zaidi ni mahali alikotoka mtu huyu. Baba yake, kiongozi wa kijiji cha Bobangui, alipigwa hadi kufa mjini Mbaïki mwaka 1927 kwa kuwatetea watu wake dhidi ya kazi za shokoa za wakoloni. Baada ya wiki moja mama yake akajiua. Bokassa alikuwa na miaka 6. Mwaka 1939 akaingia katika jeshi la hao hao Wafaransa, akapigana Ulaya na Indochina, akapanda hadi ukapteni. Binamu yake, Rais David Dacko, akamkabidhi jeshi la nchi. Katika mkesha wa mwaka mpya wa 1966 akampindua. Kisha rais wa maisha, kisha marshal, kisha kaizari.

Lakini kilichomwangusha ni sare za shule. Januari 1979 wanafunzi walilazimishwa kununua sare zilizotengenezwa na kiwanda cha familia yake, bei ikiwa juu ya uwezo wa wazazi. Wakaandamana, askari wakawapiga risasi. Aprili watoto walikamatwa tena na kurundikwa katika seli za gereza la Ngaragba, wengine wakakosa hewa, wengine wakapigwa hadi kufa. Amnesty International ilisema waliokufa ni kati ya 50 na 100. Majaji kutoka nchi tano za Afrika, Rwanda ikiwemo, walichunguza na kuona kwamba karibu bila shaka Bokassa mwenyewe alishiriki.

Hapo Ufaransa ikamchoka. Septemba 20, 1979, Bokassa akiwa Libya, wanajeshi wa Ufaransa walitua Bangui wakiwa na Dacko yule yule. Waliosaidia kumvika taji ndio waliomvua, na hawakuulizwa lolote.

Mwaka 1987 mahakama ya Bangui ilimhukumu kifo kwa mauaji. Tuhuma za kula watu, ambazo magazeti yalizipenda mno, hazikumtia hatiani. Aliachiwa mwaka 1993, akafa mwaka 1996, na mwaka 2010 Rais François Bozizé akamrejeshea heshima zake, akimsifu kuwa mjenzi wa taifa. Kweli alijenga, hata chuo kikuu cha Bangui kilianza wakati wake. Ila kabla ya kumsafisha yeye, serikali ilipaswa kusoma hadharani majina ya watoto waliokufa Ngaragba, na kuitaka Paris ieleze kwa nini iliendelea kumlipia.