Laini Mbili, Nguzo Moja

Tangu Jumapili ya Mei 12, 2024, nimeyasikia maneno haya kwa mameneja, wahasibu, hata mafundi wenzangu: "Tulikuwa na watoa huduma wawili wa intaneti na bado mtandao ulikata. Ya nini kulipa mara mbili?" Siku hiyo mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika yote miwili karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia zaidi. Hasira yao naielewa. Ninachokataa ni hitimisho lao.

Waliokatikiwa mtandao siku ile walikuwa na mikataba miwili, lakini njia zao zilikutana chini ya bahari ileile. Na upande wa kaskazini haukuwa mzima: tangu Februari mikongo kadhaa, Seacom ikiwemo, ilikuwa imeharibika Bahari ya Shamu, kwa hiyo mzigo, yaani data zinazopita, ulikuwa umeegemea kusini. Mteja ambaye mtoa huduma wake wa pili alitokea Mombasa kwa mkongo wa TEAMS, unaokwenda Fujairah kwenye Falme za Kiarabu, alikuwa na pa kupumulia. Swali ambalo wengi hawakuwa wameliuliza wakati wa kusaini ni hili: mzigo wangu unatokea wapi?

Wala si lazima twende hadi baharini. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ya SACCOS moja jijini Dar es Salaam. Mhasibu alinionyesha ankara mbili za kila mwezi, kampuni mbili tofauti, zote zimelipwa. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya jengo, nikainua macho. Faiba mbili nyeusi zilikuwa juu ya nguzo moja, zimefungwa pamoja kwa waya uleule, kisha zikaingia ndani kwa tundu moja lililotobolewa pembeni ya dirisha. Lori la mchanga lilikuwa limerudi nyuma likaigonga ile nguzo. Wanachama walikuwa wamesimama foleni tangu asubuhi, na mtu wa dirishani hana la kuwaambia.

Wanaopinga mteja mdogo kujiunga na watoa huduma wengi wana hoja nyingine, tena nzito. Kila mtandao unaotangaza anwani zake za intaneti kwa BGP, lugha ambayo mitandao huitumia kuambiana njia za kufikiana, huongeza mstari kwenye jedwali la njia ambalo ruta kubwa, mashine zinazoelekeza data, hulibeba dunia nzima. Agosti 12, 2014 jedwali hilo lilivuka njia 512,000, kikomo cha kumbukumbu ya ruta nyingi za zamani, na huduma kubwa kama eBay zikayumba. Leo njia za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, zimepita 900,000. Halafu kuna Juni 24, 2019. Allegheny Technologies, kampuni ya vyuma ya Pennsylvania, Marekani, ilikuwa imeunganishwa na watoa huduma wawili, DQE na Verizon. Ikapokea njia kutoka DQE, ikazipitisha kwa Verizon, nayo Verizon ikazitangaza duniani. Mtandao wa kiwanda ukageuka barabara kuu, na hali ilipokuwa mbaya zaidi Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia kwake, ilipoteza takriban asilimia 15 ya mzigo wake.

Tukio hilo halipaswi kufichwa. Lakini lisomwe lote. Mteja alikosea, ni kweli. Aliyeacha lango wazi ni mtoa huduma mkubwa asiyechuja anachopokea. Kuweka kikomo cha idadi ya njia ambazo mteja anaruhusiwa kutuma ni kazi ya dakika chache, na kungeikata ile laini kabla madhara hayajasambaa.

Na huo uzito wa jedwali, je? Karibu nusu ya njia zilizomo ni vipande vya anwani ambazo tayari zimetangazwa zikiwa nzima. Nusu! Baadhi ya vipande hivyo vina sababu njema, lakini vingi ni vya mitandao mikubwa iliyokatakata anwani zake ili kuongoza mzigo itakavyo. Chuo chenye anwani 256 kinaongeza mstari mmoja. Kukiambia hicho chuo kibaki na mtoa huduma mmoja kwa ajili ya afya ya intaneti, huku wakubwa wakiachwa, ni kumtwisha mnyonge.

Tena anayeazima anwani za mtoa huduma wake hujikuta mtegoni. Tuseme wa kwanza amekupa anwani 256 kutoka kwenye fungu lake kubwa, na wa pili amekubali kukitangaza hicho kipande. Wa kwanza akiendelea kutangaza fungu zima tu, mzigo wote unaokuja kwako utapitia kwa wa pili, kwa kuwa ruta hufuata njia iliyo mahususi zaidi. Unalipia laini mbili, moja imelala. Ukimchoka yule wa kwanza, anwani ni zake. Nimemwona fundi wa chuo akikesha siku tatu akibadilisha seva, printa na kila mshirika aliyeorodhesha anwani za zamani. Ndiyo maana nawasukuma wenye seva zao wenyewe waombe anwani zao AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika. Kuna fomu na ada ya kila mwaka, na tangu Januari 2020 mwombaji hapati zaidi ya 1,024 kwa mara moja, ila 256 zinatosha kutangazwa popote.

Duka au ofisi isiyo na seva haihitaji yote haya. Ruta yenye faiba moja na laini ya simu ya akiba inawafaa. Mawasiliano yatakatika kidogo wakati wa kuhama, basi.

Ile SACCOS ilibadilisha mtoa huduma wa pili. Faiba mpya inaingilia mtaa wa nyuma, chini ya ardhi, na mzigo wake unapita Horohoro kwenda Mombasa. Gharama ilipanda, na meneja alisita mpaka nilipomwekea mezani picha ya ile nguzo. Akaomba njia hiyo iandikwe kwenye mkataba, pamoja na sharti kwamba mtoa huduma akiihamisha, awaarifu kwanza.