Swali la daktari wa Milano ambalo Malindi hatuliulizi

Watu wa nyumbani wakisikia nimetibiwa Italia, huwa wameshaamua kuwa huko ndiko kwenye uzima. "Ungebaki hapa ungekufa na hilo tumbo," aliniambia jirani wa mama pale Shela, tena kwa mapenzi, huku akinijazia kikombe cha pili cha kahawa. Nimekaa Milano miaka mingi sasa, nafanya kazi kwenye jiko la kantini ya kiwanda, na maradhi haya nimeishi nayo kote kuwili. Ninavyoona mimi, tunaisifu Ulaya kwa mambo isiyokuwa nayo, na lile moja tunaloweza kulichukua bure tunaliacha.

Maradhi yenyewe ni endometriosisi. Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando ambao kila mwezi hujijenga, na mimba isipotunga hubomoka ukatoka kama hedhi. Kwa mwenye ugonjwa huu, tishu inayofanana na utando ule huota nje ya mfuko: kwenye ovari, kwenye mirija, kwenye kibofu, kwenye utumbo, na kwa nadra hata kifuani. Nayo hufuata homoni zile zile. Huvimba na kuvuja damu, na damu ile haina pa kutokea. Hubaki makovu, na viungo vilivyotakiwa kuteleza vikagandana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mmoja katika kila wanawake na wasichana kumi wa umri wa kuzaa anao, yaani kama milioni 190 duniani. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Kuna za kuutuliza, na kuna upasuaji.

Na si ugonjwa wa Wazungu. Nimeambiwa hivyo uso kwa uso na mtu aliyesoma, ndiyo maana nalitaja. Wakenya tulikuwa na Njambi Koikai, mtangazaji wa muziki wa rege. Maumivu yalimwanza akiwa msichana, ikapita miaka mingi kabla hayajajulikana ni nini, na kwake yeye yalifika kifuani hata mapafu yakawa yanasinyaa. Alitibiwa Atlanta, Marekani, watu wakimchangia, akarudi na kuitumia sauti yake kuwasemea wengine. Alifariki tarehe 3 Juni 2024. Bado nakutana na watu wa Pwani wanaomkumbuka kwa rege tu, hawajui aliugua nini, na hilo linaniuma.

Mimi nilianza kulala chini na tumbo nikiwa shule ya msingi. Likaitwa chango. Bibi alinikanda kiuno kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, nikanyweshwa habasoda, nikaandikiwa kombe kwa zafarani. Sidharau hata kimoja, kwa sababu nyuma ya kila kimoja palikuwa na mtu aliyetaka nipone. Hospitalini ndiko kulikonichosha: mara homa ya matumbo, mara vidonda vya tumbo, mara maambukizi ya mkojo, na bahasha ya antibiotiki kila nikienda. Nusura nikatwe kidole tumbo. Hapakuwa na aliyeuliza maumivu yanakuja tarehe zipi. Na hospitalini kama barazani, kauli ya mwisho ilikuwa ile ile: ukiolewa yatapoa, ukizaa yatakwisha.

Mimba si tiba ya endometriosisi. Kwa baadhi huyatuliza kwa muda, kisha yanarudi. Na aliyeolewa kwa matumaini hayo anaweza kukuta unyumba wenyewe unamchoma kwa ndani, akakosa wa kumwambia, mume akadhani anakataliwa. Nawajua wanawake waliorudishwa kwao kwa jina la tasa, na ukiwasikiliza vizuri, habari zao zinaanza na tumbo la hedhi. Wengi wenye ugonjwa huu huzaa. Wengine huchelewa, wengine hukosa. Lakini hata huyo aliyezaa watoto sita anaweza kuwa anaumwa.

Sasa Italia. Msidhani mambo yalikuwa mteremko. Daktari wa kwanza alisema nina mawazo, nimetoka mbali, nimewakumbuka wazazi. Waitaliano ninaopika nao wameambiwa vivyo hivyo na madaktari wao, kwa lugha yao wenyewe: ni hedhi tu, wanawake wote huumwa. Foleni za kumwona bingwa ni ndefu, na mwenye pesa hulipia binafsi akatangulia. Mgeni asiyejua lugha ndiye anayeteseka zaidi. Mama mmoja wa Kisomali alinisimulia kwamba alikwenda kwa daktari na mwanawe wa kiume awe mkalimani, wakafika kwenye maswali ya damu na ya chumbani, akamwambia daktari haumwi popote. Hakutaka mtoto ayatafsiri yale. Akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Daktari aliyekuja kunigundua alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, meza imejaa karatasi. Aliniuliza maumivu ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi. Sisi tuliolelewa kwa "vumilia, mwanangu" hatupimi uchungu kwa namba. Nikanyamaza. Akaweka kalamu, akauliza upya: "Yakija, yanakuzuia kufanya nini?"

Hapo nikawa na la kusema. Siwezi kuinua sufuria ya maji ya kuchemshia tambi. Siwezi kuinama kutoa trei kwenye oveni. Kwenye treni nasimama hata viti vikiwa vitupu, maana kukaa kunauma. Nikienda haja kubwa siku zile, jasho linanitoka. Usiku wa kwanza silali kitandani, nalala kwenye sakafu ya bafu kwa sababu nikitapika niwe karibu. Aliandika yote, neno kwa neno, hakunikatiza.

Baada ya hapo ndipo ikaja ultrasaundi ya mtu aliyezoea kuutafuta ugonjwa huu, ikaja MRI, ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku, ukaja upasuaji wa laparoskopi: matundu madogo tumboni, kamera ndani, wakatoa walichoweza kutoa. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Ultrasaundi ikiwa safi haimaanishi huumwi, kwa kuwa madoa madogo ya ugonjwa huu mara nyingi hayaonekani kwenye picha. Wangapi wamerudishwa na karatasi iliyoandikwa "kawaida", na nyumbani wakaambiwa haya, umeona, huna kitu? Mimi mwenyewe nilipigwa picha Malindi, na karatasi ilikuwa safi. Kilichonifungulia njia Milano ni lile swali, na swali halihitaji umeme.

Kitu kimoja nawaonea Waitaliano wivu, nacho ni karatasi. Tangu mwaka 2017 endometriosisi ya daraja la tatu na la nne imo kwenye orodha ya serikali ya magonjwa sugu, na mgonjwa hupewa msamaha namba 063, asilipie baadhi ya vipimo na ziara za kufuatilia hali yake. Wa daraja la kwanza na la pili wameachwa nje, na naona si haki, kwani daraja hupima ugonjwa umeenea kiasi gani, halipimi uchungu: mwenye madoa machache anaweza kugaagaa kuliko mwenye tumbo lililogandana. Hata hivyo, ni karatasi. Nikiugua, daktari wa familia hutuma cheti kwa kompyuta, na mwajiri huona siku za mapumziko tu. Jina la ugonjwa halioni. Nilipokuwa kibarua wa hoteli upande wa Watamu, siku usiyokuja ni siku usiyolipwa, na kumweleza meneja mwanamume sababu ilikuwa kama kuvuliwa nguo mbele za watu.

Lakini baada ya upasuaji nililala peke yangu, ghorofa ya tano, ukuta mmoja na jirani nisiyemjua jina hadi leo. Malindi ingekuwa muhali. Ningekuwa na shangazi wa kunifunga kanga kiunoni, na mwengine jikoni anapika uji wa pilipili manga, na watoto wanafukuzwa uani wasipige kelele. Wanawake wale ndio hazina yetu, Milano hawanunuliki. Ila ni wao hao pia wanaomwambia msichana anyamaze, asiwaaibishe.

Ndiyo maana naona pa kuanzia ni kwa somo, yule mwanamke anayemfunda mwari. Kwetu msichana akivunja ungo hukabidhiwa somo, akafundishwa kujitwahirisha, kujisitiri, kuhesabu siku zake. Somo huingia kwenye chumba ambacho daktari hafiki na mwalimu wa shule hathubutu. Serikali nayo imefanya yake upande wa usafi: mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya sodo, na mwaka 2017 sheria ikataka wasichana wa shule wapewe bure. Nashukuru kwa yote hayo. Ila yote ni habari ya damu iende wapi. Uchungu haujapata wa kuusemea. Kila Machi, mwezi wa kuhamasisha watu juu ya ugonjwa huu, naona picha za riboni za manjano, na natamani hata mkutano mmoja ungefanywa uani, Barani au Mambrui, juu ya jamvi, masomo na makungwi waelezwe.

Somo asimuulize mwari "unaumwa?", maana atajibu kidogo tu. Aulize yanamzuia nini. Anakosa shule? Anatapika, anazimia? Choo au mkojo unamuuma siku zile? Tembe za maumivu zinamsaidia au zimeshindwa? Maumivu yanakuja hata akiwa hayumo mwezini? Yakiandikwa na tarehe kwenye daftari, miezi miwili mitatu, hata daktari mwenye haraka atayasoma.

Masomo watakutana na hofu mbili, bora wajiandae. Ya kwanza ni vidonge. Tiba ya mwanzo mara nyingi ni homoni, vile vile vidonge vya kupangia uzazi, ili hedhi ipungue au isimame. Mama wa Malindi akiona binti ambaye hajaolewa ana vidonge hivyo kwenye mkoba, patawaka moto. Aambiwe mapema kwamba ni dawa ya ugonjwa, na kwamba vidonge haviondoi uwezo wa kushika mimba akishaviacha. Hofu ya pili ni bikira. Kuna ultrasaundi inayopitishwa ukeni, na kwa msichana wazazi hukataa, kisha wakaona aibu kurudi hospitali. Semeni tu. Picha inaweza kupigwa juu ya tumbo, ingawa huonyesha machache zaidi, na kuna MRI isiyogusa kitu. Daktari mzuri hakasiriki kuambiwa hivyo.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa somo wa binti wa dada yangu, Bi mmoja wa Majengo ninayemheshimu sana, nikamweleza yote haya tukiwa tunachambua mchicha. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Haya mwanangu, nimeuliza, ameniambia. Nimpeleke wapi?"

Sikuwa na jibu la kumtosha, na silo la kujibiwa na mimi. Mombasa ni kilomita kama 120, nauli ya watu wawili, na kulala huko kama daktari hayupo siku hiyo. Nataka serikali ya kaunti ya Kilifi imjibu Bi yule kwa maandishi, kwa Kiswahili, karatasi ibandikwe kila kliniki ya mama na mtoto kuanzia Malindi hadi Marafa: daktari wa wanawake yupo siku gani, nani anaandika rufaa, SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa kipi na kipi hailipi. Wanaogombea viti watapita tena barazani kuomba kura. Akina mama, muulizeni kila mmoja wao swali la Bi.