Kriminolojia Mtwara: Kiingereza kinatufaa wapi?

Mkulima wa Tandahimba akiibiwa korosho, anaripoti kituoni kwa Kiswahili. Askari anaandika maelezo kwa Kiswahili, mashahidi wanahojiwa kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Kwa hiyo wanaosema kijana wa Mtwara au Lindi anayesoma kriminolojia, yaani taaluma ya kuchunguza uhalifu, anapotezewa muda kwa kubanwa na Kiingereza wana hoja yenye mashiko. Kuwajibu kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia hakutoshi.

Hoja yao ina uzito hata zaidi ya wanavyoisema wenyewe. Kazi ya mtafiti wa uhalifu ni kusikiliza watu, na huku kwetu mzee wa Newala anayesimulia ugomvi wa shamba huanza kwa Kiswahili, kisha akifika penye uchungu akahamia Kimakonde. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji, Kimakonde kipo pia, na lugha ya serikali huko ni Kireno. Anayetaka kuelewa magendo ya mpakani atasaidiwa na Kimakonde na Kireno cha kuombea maji kabla ya Kiingereza kumfaa kitu. Vyuo vyetu havilipi jambo hili uzito wake, nami naona ni upungufu mkubwa.

Hata hivyo sikubali kwamba Kiingereza kiwekwe kando, na sababu yangu kubwa ni kangomba.

Kila mtu wa kusini anaijua kangomba: korosho zinazonunuliwa kinyemela nje ya mfumo rasmi wa stakabadhi ghalani, ambamo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, mara nyingi kwa mkulima aliyekwisha kupewa fedha kidogo kabla ya msimu. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifanyika uhakiki ili kuwabaini walanguzi waliojifanya wakulima, na wakulima halisi nao wakasubiri malipo. Huo ni uwanja mpana wa utafiti wa uhalifu. Lakini mwanafunzi atauingia na maswali gani?

Akitegemea notisi za darasani, atajua kwamba Edwin Sutherland, Mmarekani, alizungumzia uhalifu wa watu wenye hadhi. Mstari mmoja, basi. Akimsoma Sutherland mwenyewe, katika hotuba aliyoitoa Philadelphia mwaka 1939, atakuta hoja nzima: kwamba umaskini hauwezi kuwa maelezo ya uhalifu wote maana wenye biashara kubwa nao wanavunja sheria, na kwamba makosa yao mara nyingi hushughulikiwa nje ya mahakama za jinai, hivyo hayaingii kwenye takwimu. Hapo ndipo mwanafunzi wa Masasi anapoweza kuuliza kuhusu kangomba: kwa nini tunamtazama sana aliyeuza gunia moja apate ada ya mtoto, na mwenye mtaji aliye nyuma ya mnunuzi hatumwoni? Robert Merton, mwanasosholojia Mmarekani aliyeandika mwaka 1938 juu ya jamii inayowahimiza wote kufanikiwa huku njia halali zikiwa za wachache, atampa swali jingine. Maswali haya yanaweza kuulizwa kwa Kiswahili fasaha kabisa. Ila maandishi yaliyoyazaa, na mabishano yaliyofuata, kwa sehemu kubwa bado yako kwa Kiingereza.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Tangu mashambulizi ya wanamgambo yalipoanza Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kushambuliwa Oktoba 2020, mengi yameandikwa kwa Kiingereza kuhusu vijana wa pande zote mbili za mpaka. Asiyeweza kuyasoma hawezi kuyakosoa. Watu wanaandikwa bila wao kujua kilichoandikwa juu yao, na mtoto wao aliyesomea uhalifu hana la kujibu.

Kusoma kwenyewe kuna mtego. Wanafunzi wengi hupambana na msamiati wa kitaalamu, ambao kamusi inautatua. Kinachowaponza ni maneno madogo ya tahadhari. Mtafiti anaandika kwamba ukosefu wa ajira huenda unahusiana na wizi katika mji fulani; msomaji anayeruka neno "huenda" anaondoka na taarifa kwamba ukosefu wa ajira unasababisha wizi. Katika masomo mengine kosa hilo lingepunguza alama tu. Kwenye uhalifu, linaweza kumfanya askari wa kesho awatilie shaka vijana wote wa kijiweni. Ningependa saa nyingi za Kiingereza zitumike hapo, kupima sentensi imedai nini na imejizuia kudai nini.

Kusikiliza nakupa nafasi ndogo zaidi. Mihadhara ipo intaneti, lakini bando ni gharama, na sikio letu lina kazi ya ziada: Kiswahili hutamka kila irabu kwa ukamilifu, Kiingereza humeza zile zisizo na mkazo, hivyo mtu hulikosa likitamkwa neno analolijua vizuri kwenye karatasi. Lafudhi nazo hutofautiana. Dawa ninayoiamini ni kusoma kwanza kuhusu mada, kusikiliza kipande kifupi mara mbili, kuandika notisi kwa Kiswahili, kisha kujadiliana kwa Kiswahili. Wapo watakaosema mtihani ni wa Kiingereza, na mwanafunzi aliyezoea kujadili kwa Kiswahili atakwama kwenye kuandika. Hilo ni kweli, na njia yangu hailimalizi. Lakini anayeandika Kiingereza bila kuelewa alichosoma anakariri tu, na mitihani yetu imeshuhudia hayo vya kutosha.

Kuanza hakuhitaji vitabu ghali. Katiba ipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ibara ya 13(6)(b), inayokataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, mwanafunzi anaweza kuielewa kikamilifu kwa lugha yake, ndipo aiweke kando ya Kiingereza na kuona kila kipande kimekaa wapi. Kutoka hapo aende kwenye hukumu fupi za Mahakama ya Rufani, nyingi zikiwa kwa Kiingereza na zinapatikana bure mtandaoni, kisha ndiyo makala za kitaaluma. Kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza ingeweza kubeba kazi hii, iwapo mwalimu wa lugha na mwalimu wa kriminolojia watakaa pamoja kuchagua matini, badala ya wanafunzi wa fani zote kupewa mazoezi yaleyale ya sarufi.